Taa ya breki imeungua, umeandikiwa: kubadilisha balbu hakufuti faini

Mkuu, unalipa tu, hata kama umebadilisha balbu palepale mbele ya trafiki. Kwa Tanzania Bara faini ya papo kwa papo kwa gari ni 30,000 kwa kila kosa, iwe taa ya breki, indiketa au kioo kilichopasuka. Akiandika makosa mawili ni 60,000, kwa hiyo soma karatasi kabla hujaondoka. Kosa linahesabika lilivyokuwa wakati unasimamishwa.

Msingi wake ni kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Kulipa maana yake umekiri kosa. Kama una uhakika taa ilikuwa inawaka, una haki ya kukataa na suala likaenda mahakamani, na hapo picha au video ya taa ikiwaka itakusaidia sana.

Askari anaweza pia kukupa onyo uende ukatengeneze, lakini hilo ni hiari yake, huwezi kulidai. Na tafadhali usimpe mtu yeyote hela mkononi. Lipa kwa namba ya malipo iliyo kwenye karatasi, kwa simu au benki.