Kwa dada aliyeuliza: mtoto kavunjika paja mara mbili na hakuanguka

Pole sana dada. Mtoto wa miezi minane, paja mara mbili, na mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Nimesoma waliokujibu hapo juu, wengi wamekuandikia maziwa na supu ya kongoro. Mimi nina binti wa miaka tisa mwenye ule ugonjwa alioutaja mkuu mmoja, osteojenesisi imperfekta, yaani mifupa ya kuvunjika kirahisi ya kuzaliwa nayo. Wenyewe tunauita OI.

Wa kwangu alikuwa na miezi saba. Nilikuwa nambadilisha pampasi, nikamshika vifundo vya miguu yote kwa mkono mmoja nikamwinua makalio, kama tulivyofundishwa sote. Nikasikia "kach!", kama njiti ya kiberiti. Hospitali ya kwanza walimfunga hogo (plasta ngumu), halafu akaitwa afisa ustawi wa jamii. Saa nzima nahojiwa nani anampiga mtoto. Kuuliza siwalaumu, paja la mtoto asiyetembea likivunjika lazima waulize. Ninachowalaumu ni kwamba hakuna aliyemtazama macho.

Daktari wa mifupa tuliyemwona baadaye alianza na hayo hayo macho. Alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani, akaangalia weupe wa jicho. Ulikuwa na ubluu fulani, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Akamgeukia mume wangu: "Baba, hebu inua uso." Macho yale yale! Miaka yote ya ndoa mimi nayasifia tu. Akaulizwa amevunjika mara ngapi. Mkono mara tatu, mguu mara moja, na siku zote alijua ni mpira wa mtaani.

Sasa kuhusu kongoro. Fikiria nyumba ya udongo. Kalisiamu ni udongo, lakini ndani kuna fito, na fito za mfupa ni protini inayoitwa kolajeni. Mwenye OI fito zake ni chache, au zimesukwa vibaya, kwa sababu jeni inayotoa maelekezo ya kuzitengeneza ina kasoro. Kandika udongo upendavyo, ukuta utapasuka tu. Kalisiamu na vitamini D mtoto asipungukiwe, ila haziponyi OI. Na mzazi akiwa nayo, kwa kawaida kila mimba nafasi ya mtoto kuirithi ni nusu kwa nusu. Wapo pia ambao wazazi wote wazima na kasoro imeanzia kwa mtoto mwenyewe, kwa hiyo msianze kutafutana upande wa nani.

Inampata takribani mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000, ndiyo maana wahudumu wengi hawajawahi kuiona. Daktari Sillence wa Australia aliigawa aina nne mwaka 1979, na nyingine zimeongezwa tangu hapo. Ya kwanza ndiyo nyepesi, ndiyo yetu. Ya pili watoto wengi hufariki karibu na kuzaliwa.

Dawa ya kuiondoa hakuna. Binti yangu huwekewa dripu ya zoledroniki kila miezi sita, inapunguza kasi ya mfupa kumeng'enywa. Dripu ya kwanza ilimpa homa usiku kucha, usije ukashtuka. Wenye hali nzito huwekewa vyuma ndani ya mifupa mirefu. Mfupa ukivunjika unaunga kwa muda wa kawaida tu. Hogo lisikae kupita siku zake, maana mguu usiotumika unazidi kudhoofika.

Kilichobadilika zaidi ni mikono yetu. Pampasi: mlaze ubavu, au pitisha kiganja chini ya makalio. Kumnyanyua kwa makwapa, hapana. Kumrusha juu, hapana. Na bibi anayemwogesha aache kumnyoosha viungo. Hili ndilo lililonigombanisha na ukweni kuliko yote. Akikua muachie acheze, kuogelea ni kuzuri sana kwake. Wa kwangu anaenda shule kwa miguu yake. Baba yake ndiye siku hizi anaongeza sauti ya redio mpaka majirani wanalalamika, maana OI hufika masikioni pia ukubwani.

Tunza picha zote za eksirei, omba rufaa kwa daktari wa mifupa wa watoto, na umwombe barua inayoeleza ugonjwa wa mtoto, ya kutembea nayo. Yangu imenisaidia mara mbili mapokezi. Halafu kesho asubuhi simameni dirishani wewe na baba mtoto, mwangaliane weupe wa macho. Ukiwa mweupe kabisa haimaanishi OI haipo, si wote wana ubluu. Ila njoo utuambie mmeona nini.