Kuinuka Mkekani Kumekuwa Kazi

SWALI: Nina umri wa miaka 68, mwalimu mstaafu. Tangu mwaka jana siwezi kuinuka mkekani bila kushika ukuta au kumwita mjukuu anivute mkono. Wanangu, kwa mapenzi yao, wameniletea kiti cha plastiki cha kuswalia na wameniondolea mbuzi ya kukunia nazi na hata ufagio, kila nikisimama naambiwa, “Mama, wewe pumzika tu.” Daktari amesema magoti yamelika kidogo, na presha yangu imetulia kwa vidonge. Je, nikubali kwamba uzee ndio huu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Uzee una sehemu yake, lakini usiutwishe mzigo wote. Misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka, hasa ile ya mapaja na matako ambayo ndiyo inayomwinua mtu kutoka chini. Hata hivyo, misuli ya mzee bado huitikia mazoezi. Kukaa na kuinuka kwenye kile kibao kifupi cha mbuzi kulikuwa mazoezi yako ya kila siku, na wanao, bila kukusudia, wameyaondoa pamoja na kazi.

Kabla ya kuongeza nguvu, jichunguze unavyoinuka. Wengi hubana pumzi, hukaza shingo na kuutupa uzito wote kwenye mguu mmoja bila kujua. Moshe Feldenkrais, mwanafizikia na mchezaji wa judo aliyeumia goti, alijenga mbinu yake yote juu ya jambo hili: kusogea polepole mno hadi mtu ahisi anachokifanya.

Egemeza kiti ukutani, maana vya plastiki huteleza. Kaa ukingoni, rudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, inama mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha toa pumzi na uinuke. Shuka ukihesabu hadi nne, wala usijibwage, kwa kuwa kushuka polepole nako hujenga misuli. Mara tano asubuhi na tano jioni zinatosha kuanzia. Mkekani, geuka ubavu, kaa kama mtoto anayetambaa, leta mbele mguu wenye nguvu zaidi, shika kiti, ndipo uinuke.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku tatu au zaidi. Kutembea kwenda sokoni kumo katika hesabu hiyo.

Kwa kuwa baadhi ya vidonge vya presha huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla, tulia kwanza ukiwa umekaa. Kifua kikiuma, ukihisi kuzirai, au goti likivimba na kuwa la moto, acha na umwone daktari.

Suala la kuswali kitini ni la kumwuliza imamu wako, si mimi. Mbuzi, lakini, naomba irudishwe jikoni, ila kwa wiki za mwanzo iwekwe karibu na meza nzito ya kushika.