Kabla hujaamini namba ya ukinzani wa zege, angalia kwanza kama limelowa

Hii kitu ilishaniaibisha. Nilipima ukinzani, yaani jinsi zege linavyozuia umeme kupita (namba kubwa ni dalili nzuri kwa nondo zilizomo, ndogo ni dalili ya hatari ya kutu), kwenye nguzo moja mchana jua linawaka, kifaa kikanipa 60 na ushee kilo-ohm sentimita, nikaandika ripoti kwa mbwembwe kwamba zege liko poa, nondo hazina shida. Wiki iliyofuata mvua ikapiga siku mbili, nikarudi na bosi nimwonyeshe, nguzo ileile, alama zilezile za chaki, inasoma 18. Bosi hakusema kitu, aliniangalia tu.

Ishu ni kwamba umeme kwenye zege haupiti kwenye kokoto, unapita kwenye maji yaliyomo ndani ya vile vitundu vidogo, sasa zege likikauka njia zinakatika na namba inapaa hata kama zege lenyewe ni bovu. Kwa hiyo lowesha mpaka linywe, halafu futa uso, maana maji yakibaki juu umeme unakatiza hapo hapo juu na namba inashuka kwa uongo. Sponji za kwenye pini za kifaa, zinazogusa zege, ndo ziwe mbichi muda wote, hizo usizisahau.

Joto nalo usilichukulie poa. Nyuzi 1 tu ikipanda namba inashuka kama asilimia 3 hivi au zaidi, so sampuli ya asubuhi yenye baridi na ya saa nane mchana huwezi kuzilinganisha hivi hivi.

Mimi natumia kile kifaa cha pini 4, njia ya Wenner ya mwaka 1915, ambayo mwanzo ilikuwa ya kupimia udongo. Pini za nje zinapitisha mkondo, za kati zinasoma volti, na hesabu yake inachukulia zege halina mwisho, ndo maana ukipima ukingoni kabisa au kwenye silinda ndogo ya sampuli ya zege mkondo unabanwa na namba inapanda. Nondo ni kinyume, inavuta mkondo namba inashuka. Zitafute zilipo kwanza, na kama huwezi kuzikwepa basi panga pini zikatize nondo, usizilaze sambamba nayo.

Na ukiona namba kubwa ulizia mchanganyiko, zege lenye silika fyumu (unga laini sana unaochanganywa na saruji) linasoma juu sana ukilinganisha na la saruji tupu.

Siku hizi naanza kuandika joto la zege na hali ya unyevu ndo niandike namba, na silinda naizungusha robo robo, mizunguko miwili, masomo 8, napiga wastani. Ile ripoti niliirudia yote.