Kuboresha taa ya LED ya kujitengenezea kwa tangi la matumbawe

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Ninaishi Maskati na nina tangi la matumbawe lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45. Miaka saba iliyopita nilijitengenezea taa yenye LED 24 za wati 3, yaani 12 nyeupe na 12 za buluu iliyokolea, juu ya kipozajoto cha alumini chenye feni moja. Zinaendeshwa na draiva mbili (vifaa vinavyozilisha LED umeme kwa kipimo) za bei nafuu zinazochukua umeme wa nyumbani moja kwa moja na ambazo haziwezi kufifishwa. Matumbawe laini yananawiri, lakini Acropora yangu, aina ya matumbawe magumu, imegeuka kahawia, na LED nyeupe zimeanza kuingia umanjano. Je, nikiongeza LED zifike 48 kwenye kipozajoto hicho hicho na kupandisha mkondo hadi ampia 1, nitapata mwanga wa kutosha?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nakuomba usiongeze wati kwanza. Umanjano uliouona ni dalili ya joto, na joto hilo usipolitibu, LED mpya zitakufa kwa ugonjwa ule ule uliozipata za zamani.

Hebu tupige hesabu. LED moja ya aina hiyo, ikipitishiwa ampia 0.7, huhitaji takriban volti 3.2, hivyo LED zako 24 zinatumia kama wati 54. LED 48 kwa ampia 1 zitakaribia wati 158, nayo ni karibu mara tatu, juu ya alumini ile ile. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo hugeuka joto, na joto la LED halitoki mbele pamoja na mwanga kama lilivyotoka kwenye balbu za zamani, bali hushuka kupitia kitako chake na kuingia kwenye kipozajoto. Njia hiyo ikiziba, chembe ya LED hupoteza mwanga, na tabaka la fosfa linaloigeuza buluu kuwa nyeupe huchakaa pamoja na gamba linaloifunika. Niliwahi kufungua taa ya miaka kama hiyo iliyoletwa kwenye karakana yangu. Grisi ya kupitishia joto chini ya LED za katikati ilikuwa imekauka na kuwa ungaunga, kisahani kimoja kinachobeba LED kilikuwa kimenyanyuka kwa upande, gamba la LED yake lilikuwa na rangi ya chai, na panga za feni zilikuwa zimeganda chumvi hata hazikuzunguka sawasawa. Huenda hali ya taa yako haiko mbali na hiyo. Basi ng'oa LED zote, safisha alumini kwa spiriti, paka grisi mpya kwa utando mwembamba tu, kaza kila kisahani kwa skrubu mbili, kisha badilisha feni.

Kuhusu rangi za mwanga, matumbawe yanaishi kwa sehemu kubwa kwa chakula kinachotengenezwa na mwani mdogo sana uliomo ndani ya nyama yake, unaoitwa zuksanthela. Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu mapema na kuupitisha wa buluu hadi kina kirefu, na mwani huo umezoea hali hiyo, kwani klorofili zake hunasa vizuri mwanga wa takriban nanomita 430 hadi 460, na rangi yake nyingine iitwayo peridinini hunasa zaidi mwanga wa kati ya nanomita 470 na 550. LED zako za buluu iliyokolea ziko karibu na nanomita 450, na hata zile nyeupe ndani yake ni chembe za buluu. Kwa hiyo eneo hilo unalo tayari kwa wingi, ila mwanga wa zambarau wa karibu nanomita 420 na ule wa buluu nyepesi wa karibu 470 ndio uliopungua.

Mpango ninaokupendekezea ni wa LED 32 kwa jumla, zigawanywe katika mifululizo mitatu inayojitegemea. Mfululizo wa kwanza uwe na LED 12 za buluu iliyokolea, wa pili uwe na 6 za zambarau na 6 za buluu nyepesi, na wa tatu uwe na 8 nyeupe. Zote ziendeshwe kwa ampia 0.7, ambapo jumla itakuwa kama wati 74. Ongezeko hilo si kubwa, lakini bado pima. Taa ikishawaka saa 2, alumini ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuiacha mkono juu yake, ongeza feni ya pili au tafuta kipozajoto kikubwa zaidi. Zitawanye LED katika urefu wote wa tangi na kuzichanganya rangi zake, usizirundike katikati.

Hapa kwenye draiva nitasema kwa msisitizo. Baadhi ya draiva za bei nafuu zinazochukua volti 240 hazitenganishi kabisa umeme wa nyumbani na waya zinazokwenda kwenye LED, na wewe unaweka waya hizo juu ya maji ya chumvi ambamo unaingiza mikono kila siku. Ziondoe. Tumia saplai moja iliyotenganishwa ya volti 48, ya wati 120 ili isifanye kazi kwa kikomo chake, na mbele yake weka draiva tatu ndogo za kushusha volti, kila mfululizo na yake. Draiva ya Mean Well LDD-700H inafaa, kwa kuwa inapokea hadi volti 56, na mfululizo wako wa LED 12 utahitaji takriban volti 38 hadi 40. Draiva hizo zina waya wa kufifishia unaopokea mapigo ya umeme ya kati ya hezi 100 na 1,000, hivyo kidhibiti kidogo kama Arduino kinatosha kupandisha na kushusha mwanga wa kila mfululizo peke yake. Saplai ikae mbali na maji, waya wake ulegee chini ya usawa wa soketi ili tone lisitiririke kuingia ndani, na soketi yenyewe ilindwe na swichi inayokata umeme unapovuja kwa miliampia 30.

Kabla ya kuvunja taa ya sasa, azima kwa mfugaji mwenzio kipimo cha PAR, yaani cha mwanga unaotumiwa na mwani kutengeneza chakula, upime katikati, pembeni na juu ya miamba, kisha upime tena baada ya marekebisho. Matumbawe laini hutosheka na mikromoli 50 hadi 150 kwa mita ya mraba kwa sekunde, ilhali Acropora hupendelea kati ya 200 na 350. Programu za simu zinazopima luksi zitakudanganya, maana luksi hufuata jicho la binadamu, na jicho letu huona kijani vizuri kuliko buluu. Lenzi za kukusanya mwanga usizifunge kwenye LED mpaka uwe na vipimo hivyo, kwa sababu kwa tangi la kina cha sentimita 45 mara nyingi huunguza katikati na kuacha kingo gizani.

Siku ya kwanza anza kwa asilimia 35 ya nguvu, au chini ya hapo ikiwa kipimo kinaonyesha kwamba matumbawe yanapata mwanga zaidi ya yaliouzoea, kisha uongeze asilimia 5 kila wiki. Mwanga ukizidi ghafla, zuksanthela huzalisha sumu ya oksijeni na matumbawe huwatema, ndipo yanapopauka. Ncha zikianza kuwa nyeupe, rudi nyuma hatua mbili na usubiri.

Rangi ya kahawia ya Acropora huenda isitokane na mwanga pekee, kwani naitreti na fosfeti zikiwa nyingi mwani huo huongezeka na kufunika rangi ya tumbawe. Pima maji wiki hii, wakati taa ya zamani bado ingalipo, ili baadaye ujue ni badiliko lipi lililofanya kazi.