Nilikuwa nampigia mume wangu simu mara kumi kwa siku

Dada wa Kakamega, umesema unameza vidonge vya wasiwasi, ukauliza kama kuongea na mshauri kunaweza kumtoa mtu kwenye wasiwasi wa miaka, au ni kuliwa pesa tu. Nikueleze yaliyonipata hapa Nakuru.

Mume wangu anaendesha trela, Mombasa hadi Malaba. Akikaribia Salgaa na Sachangwan, kule kwenye ajali nyingi, moyo ulikuwa unanienda mbio hata nikiwa nakanda unga. Asiposhika simu, nimeshamzika. Akishika, napumua dakika kumi, halafu naanza karo, kikohozi cha mtoto, paa la mama kule kijijini. Saa nane usiku macho wazi, mabega magumu kama mbao. Nilipimwa presha, nikapimwa moyo, nikameza dawa za vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo. Kanisani nikaambiwa nipunguze mawazo. (Anayejua yanapunguziwa wapi anielekeze.)

Daktari mmoja ndiye aliyenipa karatasi ya maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita. Alama za juu kabisa ni 21, zikipanda ndivyo wasiwasi ulivyo mkali, mimi nikapata 16. Akasema wasiwasi wa kila kitu, siku nyingi, kwa miezi 6 au zaidi, ni ugonjwa na una matibabu. Akanituma kwa mwanasaikolojia wa tiba ya utambuzi na tabia, yaani mazungumzo ya kubadili unavyowaza na unavyofanya.

Nilidhani nitalia nibembelezwe. Wapi! Siku ya kwanza nikapewa kazi ya nyumbani: daftari, safu tatu. Naogopa nini, nina hakika kiasi gani, kisha kilichotokea. Baada ya wiki tatu tukahesabu hofu 41. Zilizotimia mbili, na moja ni paa la mama, ambalo fundi alilimaliza kwa siku moja.

Lakini kwa barabara tulibishana na huyo mwanasaikolojia. Nilimwambia watu wanakufa kweli pale. Mwaka 2009 lori la mafuta liliwaka moto Sachangwan likaua zaidi ya watu 100. Hakusema barabara ni salama. Aliuliza tu, "Mama, hizo simu kumi zimewahi kumshikia usukani?"

Nilikosa jibu. Akanieleza kuwa simu ndiyo inayoulisha ugonjwa: nikipiga napata nafuu, akili inashika kwamba nafuu ni ya simu, kesho inadai nyingine. Tukashusha hadi nne, kisha moja, jioni akishaegesha. Wiki ya kwanza sikudanganyi, nilifua mashuka yaliyokuwa safi. Hofu ilipanda, ikakaa, ikashuka yenyewe. Miaka yote hiyo sikujua kuwa hushuka, kwa sababu sikuwahi kuingoja.

Halafu kuna saa ya wasiwasi. Yangu ni saa kumi na moja jioni, dakika 20, kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Wazo likija asubuhi naliandika, naliambia lingoje zamu yake. Jioni nachambua: la karo naamua nitaenda shuleni lini kuongea nao, la "je, akipata ajali" halina cha kufanya, naliacha limekaa hapo. Mengi yakifika jioni yamechacha.

Nilienda vikao 14, kimoja kwa wiki. Sijapona kama mtu aliyeng'olewa jino. Mvua ikinyesha usiku bado nageukageuka. Ila ile karatasi ya maswali mara ya mwisho nilipata 5.

Kuhusu vidonge vyako, usiviache kwa kusoma hadithi yangu. Wapo wanaotumia vyote viwili, muulize aliyekuandikia. Na ukipata mshauri, muulize mapema kama hutoa kazi za nyumbani. Wa kwanza wangu, kabla ya huyu wa daftari, alinisikiliza vikao vitatu, akatikisa kichwa kwa huruma, akachukua hela yake.

Mume wangu naye, mwezi wa pili wa vikao alipiga kutoka Voi, sauti imebadilika: mbona siku hizi simpigii, kuna nini huko nyumbani?