Kamera ndogo ya safari iliyotumika: anza na lenzi

Watu wengi wakishika kamera ndogo iliyotumika hukagua mikwaruzo ya nje. Mimi mikwaruzo siijali kabisa. Katika kamera hizi lenzi haibanduki, na ikiharibika, kuitengeneza mara nyingi kunazidi bei ya kamera yenyewe. Hapo ndipo pesa yako inapopotelea.

Lenzi ya zumu ndefu, yaani inayovuta vitu vya mbali karibu, hutoka kwa mabomba yaliyoingiana. Kila inapotoka huvuta hewa, na hewa huingia na vumbi, ambalo hatimaye hutua kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha. Huwezi kulifuta mpaka kamera ifunguliwe na fundi. Kwa hiyo naiwasha kamera mbele ya muuzaji, naivuta zumu mpaka mwisho na kuirudisha, mara kadhaa, nikiwa nimeisogeza sikioni. Ikikwaruza au ikisita katikati, naiacha hapohapo. Kisha naielekeza kwenye ukuta mweupe, zumu ikiwa mwisho na tundu la lenzi linalopitisha mwanga limebanwa kabisa, yaani kwenye namba f/8 kwa kamera nyingi za aina hii. Piga picha mbili, ukisogeza kamera kidogo kati yake, halafu zikuze kwenye kioo cha kamera. Doa la kijivu, limefifia kingo, lililoganda mahali palepale katika picha zote mbili, ni vumbi. Bila zumu doa hilo huenda lisionekane, ndiyo maana muuzaji anaweza kuapa kwamba kamera ni safi na akawa hasemi uongo.

Piga pia ukurasa wa gazeti ulionyooshwa ukutani. Herufi za upande mmoja zikiwa na ukungu, kuna uwezekano mkubwa kamera iliwahi kuanguka.

Natumia Panasonic Lumix TZ70 ya 2015: zumu mara 30, na kitundu cha kuchungulia ambacho kwenye jua kali nakithamini kuliko kitu kingine chochote. Canon PowerShot SX740 HS ya 2018 hufika mara 40, ila kitundu haina. Mwanga ukipungua, zote mbili hutoa chengachenga, kwa kuwa sensa zake ni ndogo. Mpenzi wa picha za jioni atafute Panasonic TZ100 ya 2016. Zumu yake ni mara 10 tu, lakini sensa yake ya inchi moja ina eneo karibu mara nne ya sensa za hizo mbili. Kwa watu na majengo, mara 10 zinatosha. Ndege ndio wanaodai 30.

Betri itoe kwa mkono wako. Ikigoma kutoka imevimba, na bei lazima ishuke, maana utanunua nyingine siku hiyohiyo.