Supachaja kwenye V8 ya zamani: anzia kwenye kompresheni

Ndugu, umeuliza kama V8 yako ya kabureta, yenye kompresheni ya 10:1 (pistoni inabana mchanganyiko wa hewa na petroli hadi sehemu moja ya kumi), itabeba supachaja, yaani pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini, ya psi 8 (kipimo cha presha) na bado uiendeshe barabarani kila siku. Kwa 10:1 mimi nisingethubutu. Hewa iliyoshindiliwa huingia silinda ikiwa ya moto, mchanganyiko unajilipukia wenyewe, injini inagonga, na pistoni za zamani hupasuka penye ringi. Shusha kompresheni hadi karibu 8.5:1, funga puli ya kuizungusha supachaja itoe psi 5 au 6 tu, tumia petroli ya oktani ya juu na urudishe nyuma taiming (wakati plagi inapotoa cheche) presha inapopanda. Nguvu utaiona tu, tena kuanzia mizunguko ya chini.

Kabla hujanunua chochote, pima kompresheni ya kila silinda. Injini iliyochoka supachaja haiifufui, inaimalizia.

Ukishafunga, vua plagi baada ya kupanda mlima. Ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa kwenye kauri nyeupe, hiyo ni alumini ya pistoni: simamisha gari, weka jeti kubwa zaidi (vitundu vya kupitishia petroli) kwenye kabureta na uangalie presha ya pampu ya petroli. Redieta na breki? Hizo hata usijadili, badilisha.